Nani alipaka mapaa ya Kilwa rangi nyekundu?

Kuna picha moja ina miaka kama sita inanisumbua. Ni ukurasa wa kitabu kikubwa cha picha za miji kilichoanza kuchapwa Cologne, Ujerumani, mwaka 1572, kinaitwa Civitates Orbis Terrarum, yaani miji ya dunia nzima. Maneno aliandika Georg Braun, mabamba mengi alichonga Frans Hogenberg, na juzuu la 6 lilipotoka mwaka 1617 picha zilikuwa zimeshapita 500. Kwenye huo ukurasa Aden imejitandaza juu kama mwenye shughuli, halafu chini wamebanwa waalikwa watatu, Mombasa, Kilwa na Sofala, kila mmoja na kidirisha chake. Kilwa imeandikwa Quiloa. Nakala niliyoiona mimi imepakwa rangi kwa mkono, na mapaa ya Kilwa ni mekundu. Yaani mekundu yale ya vigae vya kuchoma, paa baada ya paa, utadhani ni mji wa kando ya mto Rhine.

Sasa yeyote aliyewahi kusikia habari za magofu ya Kilwa Kisiwani anajua pale ni mawe ya matumbawe na chokaa. Nyumba za wenye nazo zilikuwa na paa bapa, boriti za mikoko zinapangwa, juu yake panashindiliwa mawe na chokaa mpaka panakuwa kama sakafu. Msikiti Mkuu una kuba. Vigae vyekundu vitoke wapi? Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka nikapita zangu, mara ya pili ndo nikaanza kujiuliza huyu aliyeshika brashi alikuwa nani. Maana Braun tunamjua, Hogenberg tunamjua, hata Joris Hoefnagel aliyewapelekea michoro ya miji mingi tunamjua. Wa rangi hatumjui. Na ukiniamsha usiku wa manane uniulize ile picha ikoje nitakwambia ina mapaa mekundu, sitakwambia chochote kuhusu mistari.

Hii kazi nami naifanya, kidogo kidogo, wikiendi na usiku, kwa hiyo naongea kama mtu ambaye ameshaharibu karatasi nyingi sana. Na ngoja niseme kwanza hiki kitu ni nini, kwa sababu kila nikimwonyesha mtu anasema "umechora vizuri" na mimi nameza mate tu. Siyo mchoro, ni chapa. Kuna bamba la shaba mahali fulani lenye mistari, likapakwa wino, likapitishwa kwenye presi, zikatoka nakala, halafu baadaye kila nakala ikapakwa rangi ya maji kwa mkono, moja moja. Kazi mbili tofauti kabisa, mara nyingi za watu wawili wasiofahamiana.

Tuanze na bamba. Unachukua shaba nyekundu, unene milimita moja au moja na nusu, unaisugua mpaka unaona sura yako. Kingo unazipiga tupa zilale, ukiziacha kali zitakukatia karatasi na pia blanketi za sufu za presi, na zile blanketi ukishazikata utalia. Unalipasha bamba moto, unalipaka tabaka jembamba la nta iliyochanganywa na lami na utomvu, likipoa unaligeuza kifudifudi juu ya mishumaa lishike masizi mpaka liwe jeusi tii, ili sindano ikipita shaba ing'ae na uone unachofanya. Halafu unachora. Hapo huchongi kitu, na hii inawachanganya wengi, unakwangua nta tu, mkono mwepesi kama mtoto anayeandika kwenye vumbi la gari. Anayechonga ni asidi.

Wazee wa zamani walizoea asidi ya naitriki. Ile ikigusa shaba inatoa vipovu kwenye kila mstari, na kipovu kikikaa mahali mstari unatoka umekatikakatika, kwa hiyo unasimama na unyoya wa ndege unavifagia polepole, na ule moshi wake usiuvute hata kwa bahati mbaya. Mimi natumia feriki kloraidi, maji fulani yana rangi ya kutu, hayatoi vipovu lakini yanaacha mchanga ndani ya mstari, ndo maana bamba unalisimamisha au unalininginiza kifudifudi mchanga udondoke wenyewe. Ukichora picha ya mji, saa ndiyo inakuchorea umbali. Unatumbukiza dakika chache, unatoa, unasuuza, unakausha, minara ya mbali kule kwenye upeo inatosha, unaifunika kwa vanishi isiliwe tena. Unarudisha. Dakika kadhaa nyingine, mapaa ya katikati yanatosha, vanishi. Unarudisha tena. Mwisho kabisa kinabaki kile kilicho mbele, ukuta, ngazi, mtu na punda wake, kinaliwa mpaka mstari unakuwa mfereji. Ukija kuchapa, mfereji unabeba wino mwingi na ule mkwaruzo wa mbali unabeba kidogo, na macho yanadanganyika kwamba kuna maili mbili kati yao. Mara ya kwanza nilipoona hivyo kwenye karatasi yangu mwenyewe nilikaa chini. Kweli, nilitafuta kiti.

Lakini hiyo haikuwa mara ya kwanza kabisa kuchapa. Mara ya kwanza kabisa ni aibu. Nilichora mtaa mmoja ninaoujua vizuri, nikamaliza karibu wiki tatu, kila dirisha, kila waya, hadi bango la fundi saa na maandishi yake nikayaweka safi kabisa. Nikachapa, nikainua karatasi, bango linasomeka kinyumenyume. Na si bango tu, mtaa wote umegeuka, mnara uliotakiwa kuwa kushoto uko kulia, mtu aliyekulia mtaa ule nikamwonyesha akaniuliza hapa wapi. Mwalimu wangu, mzee mmoja asiyecheka ovyo, alicheka. Kila kinachochorwa kwenye bamba kinatoka kama kwenye kioo, kwa hiyo ukitaka mji utoke ulivyo lazima uuchore umegeuka, wengine wanaweka kioo pembeni ya meza wanachora wakikitazama. Nilikuja kufarijika nilipojua Rembrandt, yule mchoraji mashuhuri wa Uholanzi, naye, kwenye ile chapa yake ya Amsterdam ya mnamo 1640, hakuhangaika kugeuza, mji umetoka kinyume na akauacha hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba yeye ni Rembrandt.

Na mstari hata ukiwa umegeuzwa vizuri usiuamini sana. Wenceslaus Hollar, mzaliwa wa Prague, mmoja wa watu waliokuwa na sindano nzuri kuliko wote kwenye historia ya kazi hii, alitoa picha ndefu ya London mwaka 1647, karatasi sita ukiziunga. Alichora akiwa London, ila bamba alilifanyia kazi huko Antwerp, bahari katikati. Majengo yako pale, mto uko pale, na miaka 19 baadaye moto wa 1666 ukaunguza sehemu kubwa ya ule mji, kwa hiyo picha yake imekuwa ushahidi. Ila majina mawili yamebadilishana, ukumbi wa michezo ya kuigiza wa Globe ameuandikia ndio wa kupiganisha dubu, na wa dubu ameuita Globe. Watu walienda hivyo miaka mingi sana kabla haijasahihishwa. Mimi hapo simlaumu, najua ilivyo, umeinama usiku bamba liko jeusi, unaandika herufi ndogo kinyumenyume, akili inasema kulia mkono unasema kushoto.

Kuchapa kwenyewe naweza kukuelezea siku nzima lakini nitakata. Karatasi ya pamba unailoweka, unaikausha kati ya karatasi nyingine mpaka inakuwa na unyevu kama ngozi ya mtu aliyetoka kuoga. Wino ni wa mafuta, mzito, unaukandamiza kwenye mistari kisha unafuta uso wa bamba kwa shashi ngumu, duara, duara, bila kuchokonoa. Halafu mwisho unafuta kwa kiganja. Unakipaka chaki kidogo, unapitisha upande ule wa nyama chini ya kidole gumba, haraka, unasikia bamba linakwaruza mkono kama karatasi ya msasa laini, na wino wa juu unaondoka ila wa ndani ya mistari unabaki. Ukizidisha umemaliza picha, ukipunguza mji una ukungu. Hakuna mashine inayonijibu hiyo kitu vizuri kuliko kiganja. Unapitisha kwenye presi, unashika pembe mbili za karatasi, unainua, na inatoa kile kisauti cha kubanduka. Ukipitisha kidole juu ya picha iliyokauka mistari unaisikia, imenyanyuka, na kuzunguka picha nzima kuna bonde la mstatili bamba lilipokandamiza. Chapa ya kompyuta haina vitu hivyo viwili, kwa hiyo ukitaka kununua kitu kama hiki anza na kidole.

Sasa rangi.

Wino kwa kuwa ni wa mafuta, ukishakauka sawasawa, rangi ya maji haiuyeyushi. Hiyo ndiyo siri inayofanya hii sanaa iwezekane, unapaka bluu juu ya mstari na mstari unabaki pale chini unaonekana kama kawaida. Ila karatasi nzuri ya kuchapia ni laini, haina gundi nyingi ndani, inakunywa. Mimi hilo nilikuwa sijaambiwa, au niliambiwa nikiwa nawaza mengine. Nikakaa na nakala zangu kumi na mbili, nimechanganya rangi nzuri ya paa, nikagusa paa la kwanza. Rangi ikatembea. Ikavuka mstari, ikaingia ukutani, ikaingia mawinguni, imetengeneza doa lenye manyoya kama ukungu kwenye mkate. Mtu mwenye akili angesimama hapo, mimi nikasema labda maji yamezidi, nikajaribu ya pili, ya tatu, nikaharibu tano kabla sijakubali. Dawa ilikuwa ya kizamani tu: unachemsha jelatini nyepesi, unatia shabu kidogo, unaipitisha kwenye karatasi yote nyuma na mbele, unaacha ikauke. Baada ya hapo rangi inakaa juu inakusubiri wewe. Wapaka rangi wa karne za 16 na 17 walikuwa wanafanya hivyo hivyo na maji ya shabu yao, na rangi zao wakazishika kwa gamu arabiki, gundi ile inayotoka kwenye migunga.

Ngumu kuliko zote ni anga. Watu wanadhani ni madirisha madogo, hapana, madirisha ni uvumilivu tu. Anga ni mara moja. Unaegemeza ubao kidogo, unalowesha eneo lote la juu kwa maji safi ukizunguka kila mnara na kila bomba la moshi bila kuugusa, kisha brashi iliyoshiba rangi unaipitisha juu kabisa kutoka kushoto kwenda kulia, na chini ya mpigo ule linajikusanya tone refu, kama mstari wa jasho. Lile tone ndo unalivuta. Mpigo wa pili unalishika, unalishusha, unaongeza maji, rangi inafifia, unashuka tena, sasa umefika kwenye minara unapita katikati yake ncha ya brashi ikiwa imesimama, huwezi kupiga chafya, huwezi kuitika ukiitwa, ukisimama sekunde kumi tu pale uliposimama patakauka na utakuwa na mstari angani maisha yako yote. Ukifika chini, karibu na mapaa ya mbali, inatakiwa iwe imebaki kama pumzi tu ya rangi. Nina picha moja ina kovu la anga kwa sababu simu iliita. Nimeitundika chooni.

Waliofanya haya kwa riziki hawakuwa na muda wa kutafuta kiti. Uholanzi na Flandria ilikuwa ni fani kabisa yenye watu wake, na Abraham Ortelius, huyu huyu aliyekuja kutoa atlasi mwaka 1570, alianza hivyo, mwaka 1547 aliandikishwa kwenye chama cha mafundi cha Antwerp kama mpaka rangi wa ramani. Amsterdam baadaye kulikuwa na Dirk Jansz van Santen, yeye alikuwa anatia mpaka dhahabu, matajiri wanampelekea atlasi zao awapambie. Hao ni wawili kati ya wachache waliobaki na majina. Wengine wengi walikaa mezani kwa safu, wanawake na watoto wengi wakiwemo, mmoja ana nyekundu, mwenzake kijani, mwenzake bluu, karatasi inasogea kutoka mkono hadi mkono, na mbele yao imetundikwa nakala moja ya mfano waifuate. Rudolph Ackermann alipotoa kile kitabu chake cha picha za London kati ya 1808 na 1810, kila nakala ya kitabu ilikuwa na picha 104 zilizopakwa rangi kwa mkono. Hebu piga hesabu ya brashi hapo. Aliyechora watu, Thomas Rowlandson, tunaye. Aliyechora majengo, Pugin, tunaye. Walioshika brashi walilipwa wakaenda nyumbani.

Angalia chini ya picha nyingi za zamani za aina hii. Kushoto kuna jina na neno la Kilatini, delineavit, yaani huyu ndiye aliyechora. Kulia kuna sculpsit, huyu alichonga bamba. Mara nyingine excudit, huyu ndiye mchapishaji. Kwa mpaka rangi hakuna neno. Siyo kwamba wamemsahau kwenye hii au ile, nafasi yenyewe haipo.

Kuna waliojaribu kuleta hizi kazi mbili karibu. Johann Ludwig Aberli wa Bern, Uswisi, alikuja na mtindo wa kuchoma mistari miembamba sana kwenye bamba, mifupa tu, halafu picha yote ijengwe kwa brashi, kivuli kwanza kisha rangi. Wasafiri walizipenda kiasi kwamba mwaka 1766 serikali ya Bern ikampa haki ya peke yake ya kutumia njia hiyo. Vienna nako, kuanzia 1779, nyumba ya uchapishaji ya Artaria ikawa inatoa picha za mji za Carl Schütz na Johann Ziegler na baadaye Laurenz Janscha, na hizo mimi nazipenda kuliko zote, nikiri upendeleo, ule mwanga wa asubuhi kwenye kuta za njano, mbwa anakimbiza gari la farasi, bibi kashika mwavuli. Huyo mpaka rangi, awe nani, alitoka nje akatazama. Inaonekana.

Na kuna ambao hawakutazama kitu. Karne ya 18 kulikuwa na picha za kuangalia kwa mashine, lenzi na kioo kilichoegemezwa, unachungulia na mtaa unaonekana una kina mpaka unataka kuingia. Zilichapwa Paris, London, Augsburg, Bassano. Kwa kuwa zinatazamwa kwenye kioo, jina la juu mara nyingi limeandikwa kinyume makusudi (kumbe bango langu la fundi saa lingeuzika). Rangi zake ni za kupiga kelele, nyekundu, kijani, bluu, zimepakwa fasta fasta, nyingine madirisha yametobolewa na nyuma pakabandikwa karatasi ya rangi ili ukiweka mshumaa mji uwake taa. Sasa miaka ya 1770, vita vya uhuru vya Marekani vimepamba moto na watu Ulaya wanataka kuona hiyo Boston na hiyo New York zikoje, Habermann wa Augsburg akawachongea. Hakuwahi kufika. Akachora mitaa mipana ya Ulaya, majumba ya mawe yenye nguzo, mapaa marefu, akaandika juu Boston, akaandika New York, wapaka rangi wakafanya yao, zikauzwa. Mtu alichungulia kwenye lenzi akaamini ameona Marekani.

Ndo maana nimeacha kumcheka yule wa Kilwa. Yeye hakuletewa Kilwa, aliletewa mistari. Kwenye ule mji anaokaa paa ni vigae na vigae ni vyekundu, na nakala ya mfano labda nayo ilikuwa na nyekundu, na foleni ya karatasi imefika kiunoni. Mwenye kitabu mwenyewe hakuwa na shida ya ukweli kihivyo. Braun aliandika kwamba wale vijitu wanaosimama mbele ya miji kwenye picha zake wamewekwa pia ili Waturuki wasizitumie kivita, kwa kuwa, alidai, dini yao haiwaruhusu kutazama picha za watu. Nadhani hakuna jasusi aliyewahi kuzuiwa na kikaragosi.

Kitu kingine, huenda huyo wa nyekundu hata si wa 1572. Nakala nyingi zilitoka bila rangi, nyeusi na nyeupe, zikaja kupakwa miaka mia au mia tatu baadaye, pengine na muuzaji anayejua picha ya rangi inaondoka haraka. Njia ya kwanza ya kupima ni kugeuza karatasi. Kijani cha zamani kilitengenezwa kwa kutu ya shaba, na hicho kijani kinaila karatasi, miaka ikipita upande wa nyuma panatokea kahawia yenye umbo la miti na malisho ya upande wa mbele, pengine pamekuwa pakavu hadi panapasuka ukikunja. Shaba ile ile iliyobeba mstari imekuja tena kwenye brashi kutafuna karatasi. Ukikuta nyuma ni safi kabisa na mbele kijani kinametameta, uliza maswali. Wenye maabara wana njia zao, wakikuta bluu ya Prussia kwenye chapa ya karne ya 16 wanajua moja kwa moja, rangi hiyo ilipatikana Berlin kwa bahati mwanzoni mwa miaka ya 1700. Ile ya Kilwa mimi niliiona ikiwa nyuma ya kioo, sikuruhusiwa kuigeuza. Niliomba.

Mwaka huu nikaamua nijitengenezee yangu. Si ukurasa wote, Aden waache wenyewe, nilichukua kile kidirisha cha Kilwa peke yake, nikakichora upya kwenye bamba dogo la ukubwa wa viganja viwili, na safari hii nimegeuza, nimehakiki kwa kioo mara tatu, hata QUILOA nimeiandika kinyume herufi kwa herufi. Nikachapa kumi. Nikazipaka jelatini na shabu. Bahari nikaifanya kwa nili nyepesi na tone la kijani, mchanga nikaugusa tu, kuta kivuli cha kijivu upande mmoja. Mapaa sikuyagusa. Karatasi ya pamba ikiachwa wazi katikati ya rangi nyingine inageuka chokaa yenyewe, huhitaji kufanya kitu, na kuacha kufanya kitu kumbe ni kazi, mkono ulikuwa unawasha.

Mpwa wangu ana miaka minane, huwa anakuja kusimama pembeni ya meza anapumua kwenye sikio langu. Akaangalia zote zilizotandazwa.

"Mjomba, mapaa hujamaliza."

"Nimemaliza."

"Mbona meupe?"

Nikamweleza habari za matumbawe na chokaa, na boriti, na jua linavyopiga pale juu. Akatikisa kichwa kwa heshima, ile ya mtoto anayemwonea huruma mtu mzima. Ilikuwepo nakala moja wino umefifia kwenye pembe, namba 7, nikampa na brashi yangu ya zamani, nikampisha kiti, nikajifanya naosha vyombo vya wino. Cologne sikumtajia, vigae sikumtajia. Aliiosha brashi mara mbili kama ninavyofanya mimi, akaifinya kwenye kitambaa, akaangalia vibakuli vyote vya rangi kimoja kimoja, halafu akaenda moja kwa moja kwenye nyekundu.

Hajatoka nje ya mstari hata mahali pamoja. Ilipokauka niliandika 7/10 chini, kushoto jina langu kwa penseli, na kulia nikamwachia penseli aandike la kwake.